Nataka Tundu, Naletewa Volti

Hivi jamani, mtu akitaka kutoboa ukuta atundike rafu, kwa nini lazima kwanza apite mtihani wa fizikia? Mimi na fizikia tuliachana zamani, shuleni, kwa amani, bila kugombania mali. Leo mvi zimenijaa, nina gereji ubavuni mwa nyumba ambayo gari halijawahi kulala hata usiku mmoja, nimesema sasa niigeuze karakana nijitengenezee vitu vyangu. Naingia dukani kutafuta drili, na nani ananisubiri pale kwenye boksi? Volti, ampea, wati, nyutoni mita, mizunguko kwa dakika, mapigo kwa dakika. Ukoo mzima umekuja. Na katika kelele zote hizo hakuna namba hata moja inayojibu nilichouliza: itatoboa au haitoboi?

Tuanze na volti, maana ndizo zinazoandikwa kwa herufi kubwa kuliko jina la mashine yenyewe. Kuna drili za betri za volti 18 na kuna za volti 20. Muuzaji, kijana jasiri sana na hela ya mtu mwingine, aliishika ile ya 20 kwa mikono miwili, akashusha sauti: "Mzee wangu, hii ndiyo yenyewe. Ile ni 18 tu." Alivyoitamka ile "tu", nikaihurumia mashine ya watu.

Sasa sikilizeni. Ni kitu kimoja! Ndani ya betri zote mbili kuna seli za lithiamu, tano kwa mfululizo. Kila seli ikiwa kazini huhesabiwa volti 3.6, na tano mara 3.6 ni 18. Seli hizohizo zikitoka kwenye chaja zimeshiba husoma volti 4 na ushee, kwa hiyo mwenye kupenda sifa anapima muda huo, anaandika 20, halafu pembeni anaweka "max" kwa maandishi ya sisimizi. Huyu kampima mtu akitoka kula, yule kampima akitoka kazini, mtu ni yuleyule. Na wala hawakuishia hapo: wale wadogo wa volti 12 na wa volti 10.8 ni mchezo huohuo, seli tatu. Nilipomweleza yule kijana akaniangalia kwa upole, akasema, "Lakini mzee, 20 ni nyingi kuliko 18." Nikakosa la kumjibu, kwa sababu hapo alikuwa sahihi.

Ukiniuliza mimi, kwenye betri zidisha volti kwa ampea-saa, ile namba yenye herufi Ah, basi. Betri ya volti 18 yenye ampea-saa 2 ina wati-saa 36. Yenye ampea-saa 5 ina wati-saa 90. Hiyo ndiyo kazi iliyomo ndani, na hiyo ndiyo namba iliyoandikwa mahali ambapo mpaka uvae miwani. Lakini msikimbilie kubwa nayo. Kubwa kwa kawaida ina seli kumi badala ya tano, na seli zina uzito. Panda ngazi na mashine hiyo utoboe dari, mikono juu, shingo nyuma, vumbi machoni, ndipo utajua mkono nao una chaji, na unaisha kabla ya betri.

Halafu kuna lile boksi la bei nzuri. Mashine ileile, bei imekatwa karibu nusu, watu wanasukumana. Mtu anaondoka nalo anapiga mluzi, anafika kwake, anafungua, mashine imelala peke yake. Betri? Hakuna. Chaja? Hakuna. Anageuza boksi kichwa chini, sisimizi wako pale wamejipanga: "mashine pekee". Maana biashara ya hawa watu ni betri, ndugu zangu. Drili ni chambo. Ukishanunua betri yao na chaja yao, msumeno utanunua kwao, randa utanunua kwao, hata tochi na feni utanunua kwao, kwa sababu betri ya Makita haiingii kwenye DeWalt, na ya DeWalt haiingii kwenye Makita, na zote ni lithiamu zenye volti zilezile.

Ningewaelewa kama ni maadui. Lakini Milwaukee na Ryobi ziko chini ya kampuni moja, Techtronic Industries, na betri haziingiliani. DeWalt na Black+Decker ziko chini ya Stanley Black & Decker, na betri haziingiliani. Ndugu wa baba mmoja! Bosch ndiyo kabisa: ana mashine za bluu za mafundi na za kijani za watu kama mimi, na betri ya volti 18 ya bluu haiingii kwenye kijani. Jina moja, volti zilezile, wamegombana kwa rangi. Mwaka 2018 Metabo na wenzake wakaanzisha umoja wa kutumia betri moja kwa makampuni mengi. Nikasema alhamdulillahi, sasa tutapumua. Haukupita muda Bosch naye akaunda umoja wa kwake. Kwa hiyo sasa kuna umoja wa huku na umoja wa kule, na betri za huku haziingii kule.

Haya, tuseme umevuka betri. Unakutana na drili ya nyundo, ile inayozunguka huku inagonga. Hii ndiyo iliyonitoa jasho. Shemeji yangu, mdogo wake mama watoto, ni bingwa wa mashine zote ambazo hajawahi kuzishika. Yeye hutazama video mpaka simu inapata homa. Akaniambia, "Shem, chukua hii, inapiga mapigo 30,000 kwa dakika. Ile nyingine 4,000 na kitu, itakuchelewesha." Kwa hesabu ya kawaida ya binadamu, elfu 30 inaishinda elfu nne. Kwenye zege ni kinyume chake. Ile ya elfu 30 ni drili ya kawaida yenye visahani viwili vya meno ndani vinavyokwaruzana. Inatetemeka tu, na unaisukuma kwa kifua mpaka unaanza kukumbuka madeni. Tofali itatoboa, haina shida. Ile ya elfu nne na kitu, yenye mdomo wa SDS, ule ambao biti, kile kijiti cha chuma kinachotoboa, unaichomeka tu ikajifunga, ina pistoni inayobana hewa na kuusukuma mshindo kwenye biti hiyo. Inapiga mara chache, lakini ikipiga imepiga. Nguvu yake huandikwa kwa jouli, mbili au tatu kwa mashine za nyumbani, na kwenye zege inaingia huku wewe umeishikilia tu. Sasa niambieni, boksi lenye namba ndogo ndilo lenye nguvu kubwa, mnunuzi ajuaje? Mwaka 1895 kampuni ya Fein kule Stuttgart, Ujerumani, ilipotengeneza drili ya umeme ya kushika mkononi, nadhani watu walikuwa wanauliza tu kama inatoboa, wakajibiwa ndiyo.

Kompresa sitaki hata kuiongelea, lakini acha niiongelee kidogo. Ubavuni imebandikwa "nguvu farasi 6", na chini inaning'inia plagi ya ampea 13. Farasi mmoja ni wati 746. Sita ni wati 4,476. Plagi ya ampea 13 kwenye umeme wa volti 230 inapitisha wati 2,990, na hapo fyuzi imeshaanza kujiuliza. Hao farasi wengine wawili wanakula umeme wa nani?

Kuna na ile pete ya namba kwenye shingo ya drili. Moja mpaka ishirini, halafu picha ya biti. Nimeuliza watu wazima, wenye familia, wenye drili zao, hiyo pete ni ya nini. Mmoja kasema ni gia. Mwingine kasema ni kasi. Mwingine kasema usiiguse. Ni klachi, waungwana! Ukiiweka namba ndogo, skrubu ikikaza kiasi fulani drili inaacha kusukuma, inalia krrrr, ili usiizamishe skrubu upande wa pili wa mbao au kuichana kichwa. Ukiiweka kwenye picha ya biti, klachi inajifunga na nguvu yote inaenda kwenye tundu. Ndiyo sehemu yenye akili kuliko zote kwenye mashine nzima, na ndiyo pekee ambayo boksi haliitaji. Shemeji alipoisikia inalia krrrr akasema mashine imekufa, nirudishe.

Grenda sasa. Grenda nainunua kwa heshima, siyo kwa mapenzi. Ndogo ya diski ya milimita 115 inazunguka mara 11,000 kwa dakika. Piga hesabu, ukingo wa diski unakimbia kama kilomita 240 kwa saa, na uko sentimita chache kutoka kwenye kidole ulichokizoea. Diski nyingi zimeandikwa mwisho wake ni mita 80 kwa sekunde. Kwa hiyo ile tabia ya kung'oa kinga ili kuvalisha diski kubwa ya milimita 230 kwenye grenda ndogo, "kwa sababu inakata haraka", inaifikisha diski mita 130 na zaidi kwa sekunde, ambapo haikati tena, inasambaratika. Na wanaofanya hivyo hawavai miwani, wanakunja jicho moja! Eti lile lingine wameliwekea akiba.

Tena nimegundua diski za kukatia zina tarehe ya kuisha. Iko pale kwenye kijipete cha chuma cha katikati. Ile gundi inayoshika chembe huzeeka, hasa ikipata unyevu. Nilipomwonyesha mama watoto, akachukua diski, akaisoma, akanirudishia. "Kwa hiyo na hizi zinaharibika kabla hujazitumia." Akasisitiza "na hizi". Sikupenda sauti yake, kwa sababu alikuwa ameangalia kule kwenye kona yenye mashine ya kusugua mbao.

Mashine ya kusugua ina hadithi yake, imo kwenye seti. Shemeji ndiye aliyekuja na wazo la seti: boksi moja, mashine tisa, betri mbili. "Shem, ukigawa bei kwa tisa, kila moja ni karibu bure." Ni kweli kwa kugawa. Lakini gawa na kazi. Drili inafanya kazi kila wiki. Grenda mara mojamoja. Msumeno wa duara siku ukipata mbao. Nyingine sita ziko pale zinashuhudia. Kuna moja inatetemesha kijiblade huku na huku, mpaka leo nimeitumia kukwangua gundi ya vigae tu, na nakiri inakwangua vizuri sana, tatizo vigae vyenyewe viliisha. Mimi ningeambiwa nianze upya ningechukua drili ya betri peke yake, na vile vinavyokula nguvu, grenda na msumeno wa duara, vya waya. Waya hauishi chaji. Waya hauulizi rangi yako. Cha muhimu, kama unatumia waya wa kurefushia wa kuviringishwa kwenye gurudumu, uukunjue wote kabla ya kazi nzito, maana ukiuacha umejikunja unapata joto mpaka plastiki inalainika. Hilo shemeji hakuliona kwenye video.

Na kelele! Kwenye boksi la msumeno wa duara imeandikwa desibeli mia moja hivi, kwa maandishi madogo mno, sijui waliogopa kutupigia kelele. Mpaka wa kelele unaotumika sana kazini ni desibeli 85 kwa saa nane, na kwa hesabu ya wataalamu wengi kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Mia moja ni 15 zaidi, ni kukata nusu mara tano. Zinabaki dakika 15. Navaa vizibo vya masikio, na faida yake nyingine ni kwamba mama watoto akiniita sisikii, ila hilo yeye keshaligundua, siku hizi anakuja kuchomoa plagi. Vumbi la mbao nalo shirika la utafiti wa saratani la IARC lililiweka kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu 1995, kwa hiyo barakoa navaa pia. Miwani, vizibo, barakoa. Mjukuu akija gerejini analia.

Nimebaki nikiwalaumu wenye viwanda kwa jambo la betri kutoingiliana, na bado nawalaumu, lakini haki isemwe. Jirani yangu ana mashine za rangi nyingine. Ni mtu mwema, ila kitu kikitoka kwangu kwenda kwake hakijui njia ya kurudi. Juzi amekuja na betri yake, imekata. "Jirani, nichajie kidogo tu." Nikamfungulia gereji, nikamwonyesha chaja. Akaisukuma betri, akaigeuza, akaipuliza, akaisukuma tena. Haikuingia. "Hawa watu wana roho mbaya," akasema. Nikasema ni kweli kabisa, jirani, wana roho mbaya. "Basi niazime drili yako na betri yake." Nikamwambia ningempa, ila betri yenyewe ndiyo hiyo iko kwenye chaja, haijajaa. Taa ilikuwa ya kijani tangu asubuhi, lakini chaja yake yeye haina rangi hiyo.