Mtoto wa kwetu na swali la mwalimu

Novemba 2023, Jumapili moja baada ya misa, tulikutana uani Katuba, mtaa wa Lubumbashi huko Katanga, kusini mwa Kongo, watu kama thelathini wa mitualite yetu. Kwa asiyeishi Lubumbashi: mitualite ni chama cha watu wa asili moja waliomo mjini, wanaochanga kila mwezi kwa ajili ya matanga, ugonjwa na ada za watoto. Viti vya plastiki vilipangwa chini ya mwembe, na juu ya kigoda lilikaa daftari la mweka hazina, limefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Tulikuwa na jambo moja tu. Uchaguzi ulikuwa tarehe 20 Desemba, na mtu wetu mmoja aliyekuwa bungeni tangu 2019 alitaka kurudi. Mzee mwenyekiti hakuzunguka: "Kura ni ya mutoto ya kwetu. Hatuna mengine."

Kijana mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, akasimama. "Papa, ile myaka yote, alitufanyia nini?"

Hakujibiwa. Aliulizwa: "Weye, uko mutoto ya nani?"

Swali la kwanza linahusu kazi ya mtu. La pili linahusu damu ya anayeuliza. Nimekaa na hayo mawili muda mrefu, na siwafuati wanaosema jibu ni jepesi, kwamba kijana ana akili na mzee ni mkabila.

Mzee yule alifanya kazi Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi, zaidi ya miaka ishirini. Tangu enzi za Union Minière, kampuni ya Wabelgiji iliyoitangulia, kampuni ilimpa mfanyakazi nyumba, unga wa posho, hospitali na shule ya watoto. Kisha mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, mishahara ikaanza kuchelewa miezi na miezi, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Walipewa fedha mara moja, basi. Waliokufa baada ya hapo nani aliwazika? Ilikuja mitualite na turubai lake, na masufuria yake, na akina mama waliosonga bukari, yaani ugali, ya watu mia. Mtu aliyezikiwa mke wake na watu hao, ukimwambia ajitenge nao afikiri peke yake, anakusikia kama unamwambia akafe peke yake.

Tena ipo hoja ambayo wasomi wetu wanaipita haraka mno. Lubumbashi ni eneo moja la uchaguzi, na mpiga kura anakutana na mamia ya wagombea: nambari, picha, jina, na chama ambacho pengine hajawahi kukisikia. Yuko mbele ya mashine, nyuma yake mstari umefika hadi getini. Hakuna aliyemwandikia jinsi kila mbunge alivyopiga kura Kinshasa. Jina la kwao ndilo habari pekee aliyo nayo. Anayelishika jina hilo hajaacha kufikiri. Anafikiri kwa hicho kidogo alichopewa: huyu nyumba ya mama yake naijua, akinidanganya najua pa kumkuta.

Hoja hiyo naiheshimu, lakini inasimama kwa sharti moja. Siku utakapokwenda kweli kwenye nyumba ya mama yake kuuliza, lazima ujibiwe. Mwalimu alifanya jambo hilohilo. Alikwenda pale ambapo mbunge anajulikana, kati ya watu wake, akauliza. Na tukamuuliza yeye baba yake ni nani. Pale ndipo undugu ulipoacha kuwa njia ya kumwajibisha kiongozi ukawa ngao yake.

Mji wetu ulianza kupiga kura kwa bahati mbaya. Uchaguzi wa kwanza wa komini, yaani mitaa mikubwa ya mji yenye uongozi wake, katika Kongo ya Wabelgiji ulifanyika Desemba 1957 katika miji mitatu: Léopoldville (leo Kinshasa), Jadotville (leo Likasi) na hapa, wakati huo Élisabethville. Vyama vya siasa vya Waafrika vilikuwa bado havijapewa nafasi. Vyama vya kabila vilikuwapo, na watu wakaingia kwenye uchaguzi na chombo walichokuwa nacho mkononi. Waliopata uongozi wa komini za Waafrika walikuwa watu wa kutoka nje ya Katanga, wengi wao wa Kasai. Hawa hawakuwa wamevamia. Union Minière iliwatafuta kwa ajili ya migodi yake, na reli ya BCK, iliyofika Ilebo mwaka 1928, iliwabeba. Lakini hesabu ya kura ikasomwa kama hesabu ya makabila, na Oktoba 1958 ikazaliwa Conakat, chama cha waliojiita Wakatanga halisi, ambacho baadaye Moïse Tshombe alikiongoza hadi kujitenga kwa Katanga tarehe 11 Julai 1960.

Na hata huo ukatanga halisi haukuwa na kauli moja. Balubakat ya Jason Sendwe, chama cha Waluba wa Katanga, watu wa hapa tangu mababu, ilijitoa Conakat mwaka 1959 na kukataa kujitenga. Nalikumbusha hili kwa sababu leo kijana akisikia "Katanga ilitaka" au "Kasai inataka", anaamini kwamba zamani walikaa watu wakakubaliana wote. Hawakukubaliana. Waliopinga walinyamazishwa, kisha sisi tuliokuja baadaye tukaukuta ukimya wao tukauita umoja.

Kisha ikaja Agosti 1992. Mkutano Mkuu wa Taifa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz Karl-i-Bond wa Katanga. Chini ya gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza, watu wa Kasai wakaitwa bilulu, yaani wadudu, na mamia ya maelfu wakafukuzwa, wengine wakiwa wamezaliwa hapa na wazazi waliozaliwa hapa. Likasi na Kolwezi walilala stesheni kwa majuma na miezi wakingoja treni, kwenye reli ileile iliyowaleta babu zao.

Kuna jambo kuhusu Kyungu ambalo sipendi kulisahau. Novemba 1980, chama kikiwa kimoja tu nchini, wabunge 13 walimwandikia Mobutu barua ya kurasa 52 kumwambia makosa ya utawala wake. Waliadhibiwa vikali. Tshisekedi alikuwa mmoja wao, na Kyungu alikuwa mmoja wao. Mtu aliyethubutu kusema wazi mbele ya Mobutu, akiwa bega kwa bega na Mkasai, miaka kumi na miwili baadaye aliongoza kampeni ya kuwafukuza Wakasai. Kwa hiyo sikubali tafakuri tunduizi, yaani kuhoji kabla ya kukubali, isemwe kana kwamba ni tabia ya kuzaliwa, huyu anayo na yule hana. Kumuuliza adui maswali magumu alikuwa ameshakujua. Kilichomshinda ni kuwauliza watu wake, siku ambayo walikuwa wakimpigia makofi.

Tangu 1966 tunayo sheria inayoadhibu chuki ya rangi na ya kabila. Ni nzuri, itumike. Lakini haiwezi kumfundisha mtu kumuuliza ndugu yake.

Mabishano haya yana historia nyingine katika mji huu, ya vitabu. Mwaka 1945 palichapishwa hapa Élisabethville kitabu cha Placide Tempels, padri Mfransisko wa Ubelgiji aliyehudumu kwa Waluba wa Katanga, kuhusu falsafa ya Kibantu. Kwa wakati wake kilikuwa cha ujasiri: kiliwaambia wakoloni kwamba watu mnaowadharau wana fikra zilizopangika, na kwamba kwa Mbantu mtu hasimami peke yake, nguvu yake ya uhai imeunganishwa na ya wazazi, wazee na watoto wake. Mzee wetu wa Katuba angetikisa kichwa kukubali. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Paulin Hountondji, mwanafalsafa wa Benin, alikuja kufundisha hapahapa Lubumbashi, naye alikuwa mkosoaji mkali wa wazo hilo. Alisema ni kosa kudhani kwamba Waafrika wote wanaamini jambo moja bila kujua na bila kubishana. Falsafa, kwake, ni ya watu wenye majina, wanaosema, wanaojibiwa, wanaopingwa.

Mimi nakaa karibu na Hountondji kuliko Tempels, na nasema hivyo bila kuficha. Hata hivyo wapo wanaomtumia vibaya. Wanafikiri mtu akishajiondoa katika kundi, tayari anafikiri. Tazama Bunge la Desemba 2020. FCC, muungano wa rais aliyetoka, Joseph Kabila, ulikuwa na wabunge zaidi ya 300 kati ya 500. Rais mpya, Félix Tshisekedi, mwana wa Étienne, alipovunja ushirikiano nao, tarehe 10 Desemba wabunge 281 dhidi ya 200 walimwondoa spika, Jeanine Mabunda, aliyetoka katika muungano huohuo wa wengi. Wachache walikuwa na dhamiri yao, nakubali. Lakini ulipita mwezi, ikapita miwili, wakahama makundi kwa makundi, na kila mmoja alisema ameamua kama mtu huru. Katiba ibara ya 101 inasema mbunge hafungwi na agizo la mtu. Ibara ya 110 ya Katiba hiyohiyo inasema anayeacha chama chake kwa makusudi anahesabiwa ameacha kiti. Tuliona ya kwanza ikinukuliwa kila siku.

Mtu asiye na kundi la kumuuliza ni rahisi sana kununuliwa. Hilo wazee wetu walilijua, na ndiyo maana wanamwogopa anayesema "mimi ni mimi tu". Hawakukosea kumwogopa. Kosa ni kumweka yeye na mwalimu kwenye kapu moja. Aliyehama aliacha watu wake ili asiulizwe tena. Mwalimu alikuja kwa watu wake, Jumapili, na mchango wake mfukoni, ili aulize. Anayeweza kuwatofautisha hao wawili atajua nani wa kumsikiliza mkutanoni, na hapo ndipo naona kazi yetu ilipo, kuliko katika kulaumu ukabila kwa jumla.

Mwaka 1951 Solomon Asch, mwanasaikolojia wa Marekani, alionyesha jambo ambalo kila aliyekaa katika mkutano wa ukoo analijua mwilini. Alimweka mtu mmoja kati ya wengine waliopangwa kabla, wakaulizwa mstari upi una urefu sawa na mwingine. Jibu lilionekana wazi kwa macho. Wale wengine wakasema uongo kwa pamoja, na karibu theluthi moja ya majibu ya yule mmoja ikafuata uongo wao. Mistari si siasa, najua. Hakuna anayefukuzwa matangani kwa sababu ya mstari, kwa hiyo kwetu uzito ni mkubwa zaidi. Lakini sehemu inayonigusa ni nyingine. Asch alipomwongeza mtu mmoja tu aliyesema kweli, kufuata kundi kulishuka hadi karibu robo ya kiasi cha kwanza. Mtu mmoja tu alitosha. Hata huyo anayeonekana shujaa wa kujitegemea alihitaji mwenzake.

Ndiyo sababu sitaki mitualite zife, kama wanavyotamani rafiki zangu wengine wa chuo kikuu. Zikifa, mwenzake huyo mwalimu atampata wapi? Katika simu, kati ya watu asiowajua, wasiojua matanga yake? Nataka tu jambo moja libadilike ndani yake: anayeomba kura ya kundi aje akae kwenye kiti cha plastiki ajibu, na anayemuuliza asiulizwe ukoo wake. Mei 2022 Askofu Mkuu Fulgence Muteba aliita jukwaa la umoja na maridhiano la Wakatanga hapa mjini. Wapo waliolifurahia na wapo waliolitilia shaka. Mimi nilifurahi kwamba watu walikaa, na nilihuzunika kwamba mengi ya tuliyosikia baadaye yalikuwa juu ya wao, wale wengine, na machache juu ya wakubwa wetu wenyewe na walichotufanyia sisi.

Katuba siku ile ukimya ulirefuka. Mwalimu alikuwa bado amesimama, mkono umeshika mgongo wa kiti. Ndipo mama mweka hazina, ambaye hakuwa ameomba neno, alipofungua ule mpira wa baiskeli, akalowesha kidole, akapekua daftari kurasa nyingi kuelekea mwanzo. Akasoma jina la mbunge. "Mchango ya mwisho, mwezi wa tatu, elfu mbili kumi na tisa." Mzee akamtazama. "Miye sisemi kitu, papa," akasema. "Niko nasoma tu."

Watu wakaanza kusema, si kwa zamu. Mmoja alitetea: mbunge alimsaidia kijana wake kupata kazi. Mwingine akauliza ni mmoja tu? Mzee hakubadili msimamo wake, wala mwalimu. Hatukuamua lolote, na nadhani ni mara ya kwanza mkutano wetu ulifungwa hivyo. Tulipokuwa tunapanga viti, mzee alimwita mwalimu kwa jina lake.

"Kesho kutwa kuko kilio komini ya Kenya. Utafika?"

"Nitafika, papa."

"Uje mapema. Turubai inaomba watu wa nguvu."