Kuhosti mwenyewe: picha sawa, barua pepe hapana

Kila nikisema natumia seva yangu mwenyewe, yani kompyuta yangu inayotunza vitu vyangu na kuvitoa mtandaoni, kuna wanaoniuliza kwa nini najisumbua wakati klaudi ipo, na kuna wanaoniambia hamisha kila kitu usimwachie mtu data yako. Wote wana pointi, ila mi naona jibu linategemea unahosti nini.

Hawa wa hamisha kila kitu wana hoja nzito. Google Reader, huduma ya kusomea makala mpya za tovuti unazofuata, ilifungwa Julai 2013 watu wakiwa bado wanaitumia kila siku, ukawa unachukua orodha yako unaondoka, basi. Programu huria, ambayo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, haifi hivyo. Mwaka 2016 waliojitoa ownCloud, programu ya kuhifadhi mafaili kwenye seva yako, walichukua msimbo uleule wakaanzisha Nextcloud na hawakuhitaji kumwomba mtu ruhusa, leseni inaruhusu.

Lakini leseni haikufanyii bakapu. Nilikuwa na skripti ya kusevu hifadhidata ya albamu zangu kila usiku nikawa nimetulia kabisa, siku diski imekufa nafungua faili la jana nakuta baiti sifuri, la juzi sifuri, hivyo hivyo hadi wiki tatu nyuma, yani tangu nilipopandisha Postgres (programu inayoendesha hifadhidata hiyo) toleo jipya, kumbe pg_dump ya zamani, chombo chake cha kusevu, haikubali kusoma seva iliyo mpya kuliko yenyewe. Kosa lilikuwa linaandikwa kwenye logi (faili la kumbukumbu za mfumo) kila usiku na sikuwahi kuifungua. Picha zilipona maana zilikuwa diski nyingine, ila majina na maelezo niliyoandika wiki hizo yalienda. Sasa hivi kila mwezi narudisha bakapu kwenye mashine nyingine, albamu zisipofunguka nahesabu sina bakapu.

Barua pepe ndio sishauri. Na sio kwa sababu ya seva kuzima, ikizima siku moja seva za wenzako kwa kawaida zinajaribu tena. Shida ni barua za kutoka: mtandao wa nyumbani mara nyingi umefungiwa poti 25 (njia ambayo seva hupelekeana barua), unaweka SPF, DKIM na DMARC (mipangilio ya kuthibitisha barua imetoka kwako kweli) sawasawa na bado barua inatupwa kwenye spamu kwa sababu anwani yako ya IP (namba ya seva yako mtandaoni) haiaminiki, na hakuna anayekwambia. Picha zisipofunguka naziona mwenyewe hapohapo, barua ya kuomba kazi ikipotea utajuaje?

Kwa hiyo picha na maandishi yangu viko kwangu, barua pepe nalipia, ila kwa domeni yangu mwenyewe (jina linalofuata @), nikihama kesho anwani inabaki ileile.