Nukta Hii Ina Uzito Gani?

Siku ya kwanza kuiona picha ya Dunia iliyopigwa na chombo cha angani Voyager 1, nilikipangusa kioo cha simu kwa kidole nikidhani ni vumbi. Nukta haikutoka. Ilibaki palepale, imening'inia ndani ya mchirizi wa mwanga wa Jua, nikasoma maelezo yake: 14 Februari 1990, umbali wa kilomita zipatazo bilioni 6, Dunia nzima haikujaza hata pikseli moja. Mwanaastronomia Carl Sagan ndiye aliyekuwa ameomba kamera zigeuzwe zitutazame. Muda mfupi baadaye zilizimwa ili kuhifadhi nishati ya chombo.

Tangu siku hiyo nimesikia mara nyingi, na mimi mwenyewe nimewahi kutamka, kwamba basi binadamu si kitu. Watu hulisema kama jambo lililokwisha kuthibitishwa maabara. Naona halijathibitishwa. Naona pia kwamba wengi wetu tunaolipinga tunalipinga kwa hoja dhaifu.

Tuanze na wanaosema si kitu, maana hesabu ziko upande wao. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 wataalamu walikuwa bado wakibishana kama kuna galaksi yoyote, yaani kundi kubwa mno la nyota, nje ya hii yetu. Mwanaastronomia Edwin Hubble akaiona, ndani ya lile wingu la mwanga liitwalo Andromeda, nyota moja inayong'aa na kufifia kwa mpigo maalumu, na kwa kanuni aliyoigundua mwanaastronomia mwenzake Henrietta Leavitt, mpigo huo ulitosha kukadiria umbali. Andromeda ikawa ni galaksi nyingine iliyo nje, mbali kabisa. Leo tunajua nuru yake husafiri miaka milioni 2.5 hivi kabla ya kutufikia. Kisha Desemba 1995 darubini ya angani yenye jina la Hubble ikaelekezwa kwa siku 10 mfululizo kwenye kipande cha anga kilichoonekana kitupu, upana wake kama mpira wa tenisi ukiutazama kutoka mita 100. Zikatokea galaksi zipatazo 3,000. Kipande kimoja hicho tu.

Nakiri zinatisha. Lakini jambo kutisha ni mbali na jambo kuthibitisha. Ptolemy, mwanaastronomia wa kale aliyefanya kazi zake Alexandria katika karne ya 2 na ambaye tunamkumbuka kwa kuiweka Dunia katikati ya ulimwengu, alifundisha wazi kwamba Dunia ikilinganishwa na mbingu za nyota ni kama nukta. Mwandishi wa Zaburi ya 8 alizitazama mbingu, mwezi na nyota, akauliza mtu ni nini hata Mungu amkumbuke. Qurani, sura ya 40, inasema kuumbwa kwa mbingu na ardhi ni kukubwa kuliko kuumbwa kwa watu. Hawa wote walijua kuwa sisi ni wadogo, na hakuna aliyehitimisha kwamba basi sisi si kitu.

Kilichobadilika, kwa maoni yangu, hakikuwa ukubwa wa mbingu. Kwa watu wale, juu ya ukubwa wote ule alikuwapo Mwenye kuona, na kidogo kinachoonwa hakijapotea. Ukishamwondoa, udogo uleule unageuka kuwa hukumu. Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba darubini imeonyesha hatuna maana, naona amechanganya mambo mawili: hesabu za umbali, ambazo ni kweli, na msimamo wake kuhusu Mungu, ambao darubini haikuugusa. Mimi naamini, sitaki kulificha hilo. Ila siitumii imani yangu kama hoja hapa, kwa sababu nataka kujua kama asiyeamini naye ana pa kusimama.

Kuna hoja nzito kuliko ya ukubwa, nayo ni ya bahati. Miaka milioni 66 iliyopita mwamba wa angani wenye upana wa kilomita 10 hivi uligonga pale ilipo leo rasi ya Yucatán, Meksiko. Dinosaria wakatoweka, wakabaki ndege tu katika uzao wao, na wanyama wadogo wanaonyonyesha wakapata nafasi ya kutawanyika. Mwamba ule ungepita pembeni kidogo, huenda kusingekuwa na mtu wa kuuliza swali hili. Anayetaka kusema historia ya uhai ilikuwa ikituelekea sisi tangu mwanzo ana kazi ngumu hapo, na simwonei haya kumwambia hivyo hata akiwa mwenzangu wa imani. Ukiukunja umri wote wa ulimwengu, miaka bilioni 13.8, ukawa mwaka mmoja, binadamu wa aina yetu tunaingia katika dakika 11 za mwisho za tarehe 31 Desemba. Kusema yote yaliyotangulia yalikuwa kwa ajili yetu peke yetu kunahitaji unyenyekevu zaidi ya ule ninaousikia kwa wanaolisema.

Hata hivyo, hoja ya bahati inaeleza tulivyofika. Haisemi tuna thamani gani baada ya kufika. Mtoto ambaye wazazi wake hawakumpangia, aliyekuja tu, hapendwi nusu kwa sababu hiyo, na hakuna mzazi mwenye akili timamu atakayemwambia kwamba maisha yake hayana maana kwa vile hakuwa kwenye mpango. Chanzo cha kitu na uzito wake ni maswali mawili. Kuhusu kusudi, yaani kama tulikusudiwa, sayansi haina la kusema upande wowote. Kuhusu uzito tunaweza kujadiliana.

Wapo wanaojaribu njia ya katikati: sisi ni vumbi la nyota, wanasema, ulimwengu unajitazama kupitia macho yetu. Inavutia masikioni, na sehemu yake ni kweli tupu, kwa kuwa chuma kilichomo ndani ya damu yetu kilitengenezwa na nyota kabla Jua halijakuwapo. Lakini chuma cha msumari nacho kilitoka hukohuko. Asili ya nyotani haimpi mtu cheo. Na wale wanaosema sisi ni wa thamani kwa kuwa tuko peke yetu siwafuati pia, kwa sababu uchache hupandisha bei ya kitu sokoni tu. Kesho tukipokea ishara ya redio kutoka kwa viumbe wa mbali, hakuna mtu hata mmoja atakayekuwa amepungua.

Linalonishinda kukubali zaidi ni ile kauli kwamba ulimwengu haujali. Husemwa kana kwamba tumepeleka shauri letu, likasikilizwa, likatupwa. Lakini asiyeweza kujali hawezi pia kudharau. Andromeda haijawahi kutupuuza, kwa sababu haijawahi kumwangalia mtu.

Saa nane za usiku mama amekaa kando ya kitanda. Mtoto ana homa. Anachovya kitambaa kwenye beseni la maji, anakikamua, anakiweka kwenye paji la uso; kikishika joto anakigeuza upande wa pili. Anahesabu pumzi. Mwambie pale kwamba kuna galaksi kwa mabilioni, atakutazama kama mtu aliyekosea chumba. Na hatakuwa amekosa elimu. Atakuwa ameona, kabla yetu, kwamba ulichomwambia hakihusu lililo mbele yake.

Mpinzani atajibu, na ana haki ya kujibu, kwamba huo ni uzito kwa mama tu, si uzito wenyewe. Nimelifikiria jibu hilo kwa muda mrefu. Naona linadai mizani isiyokuwapo, iliyotundikwa mahali ambapo hapana mtu, inayopima vitu bila kumpimia mtu yeyote. Kwa anayeamini, mizani iko mikononi mwa Mungu, na huyo mtoto amekwisha kupimwa. Kwa asiyeamini, popote penye mizani pana mtu anayejali, na kama ni hivyo chumba kile chenye beseni hakina upungufu wowote mbele ya anga lile jeusi la Desemba 1995.

Linabaki suala la mwisho wa yote. Jua linazidi kung'aa polepole, na baada ya miaka bilioni moja hivi, joto lake litakuwa limeikausha bahari. Hapo hapatakuwa na mama, wala kumbukumbu yake. Sina la kulipunguza hilo, na siwalaumu wanaolala nalo vibaya. Naweza kusema tu kwamba kusahaulika hakufuti kilichotokea. Kuelekea alfajiri mtoto anatoka jasho, mwili unapoa, anaomba maji. Mama anakiacha kitambaa kwenye beseni, anakwenda kuyaleta.