Wafanyakazi wakikaa kimya kikaoni, usidhani wamekubali

Kikao cha asubuhi kikiisha bila swali hata moja, mameneja wengi huku Nyanda za Juu Kusini huondoka wameridhika. Wanaamini wameeleweka. Mimi nikiona kikao cha namna hiyo nashtuka, kwa sababu mara nyingi kiongozi wake ndiye mtu wa mwisho kujua kinachoendelea kazini kwake.

Ndivyo tulivyolelewa. Iringa, Njombe, Rungwe, Mbozi, mtoto anakua akijua kwamba mkubwa hasahihishwi mbele za watu. Unamsalimia kwanza, unasubiri akuulize, na kama una jambo zito unamfuata pembeni au unamtuma mtu mzima akusemee. Hiyo ni adabu, naipenda, na sitaki ife. Tatizo ni meneja anayeichukua adabu hiyo kuwa ridhaa. Anayekujibu "sawa mkuu" mbele ya wenzake amekuheshimu tu; bado hajakwambia kama kazi inawezekana.

Chukua mashamba ya chai, Mufindi au Tukuyu. Mchumaji anaingia shambani kukiwa na ukungu, majani yamelowa, na mzigo ukifika kwenye mizani anakatwa kilo kwa ajili ya maji. Makato hayo yana sababu, maana kiwanda hakiwezi kununua maji kwa bei ya chai. Lakini kama hakuna aliyemweleza siku ya mvua hukatwa kiasi gani na siku ya jua kiasi gani, yeye anaona anaibiwa. Kikaoni hatalisema. Atalisema njiani akirudi nyumbani, na baada ya muda utaona watu wanahamia kwenye parachichi, wewe ukilalamika kwamba vijana wa siku hizi hawapendi kazi.

Hapo namtetea msimamizi. Mara nyingi alipandishwa cheo kwa sababu alikuwa mchumaji hodari, akapewa daftari, basi. Kumsikiliza mtu mwenye hasira hakufundishwa na yeyote. Ofisi inambana kwa kilo, wachumaji wanambana kwa makato, naye hana jibu kwa kuwa hata yeye hakuelezwa. Akifoka, tunasema ana kiburi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mfanyakazi asiyeelewa maelezo ya ajira yake yaliyoandikwa afafanuliwe kwa namna anayoielewa, na jukumu hilo ni la mwajiri. Mwajiri makini hataishia kwenye karatasi ya siku ya kwanza.

Ila mahali uvumilivu unaponiishia kabisa ni kwenye magari. Lori lililopakia mbao Mafinga kwenda Dar es Salaam kwa njia ya Morogoro hushuka mteremko wa Kitonga. Linalotoka Mbeya kwenda Tunduma lazima lishuke Iwambi hadi Mbalizi. Dereva anazijua breki zake kuliko mtu yeyote. Kama mara ya mwisho alipozitaja aliambiwa "umechoka kazi sema, wapo wengi wanataka funguo", safari hii hatazitaja. Atamwambia utingo, ataondoka. Tajiri atabaki ofisini akiamini gari ni zima kwa sababu hakuna aliyelalamika. Neno moja la hasira, ambalo aliyelisema ameshalisahau, linaweza kuua abiria wa gari jingine kabisa.

Nchi hii iliwahi kulisema jambo hili kwa ukali. Mwongozo wa TANU wa 1971, ibara ya 15, ulimkataza kiongozi majivuno, anasa, dharau na uonevu, na wafanyakazi wa viwandani waliushika kudai heshima yao. Nyakati zimebadilika. Dharau bado ipo, na siku hizi inatumwa pia kwenye kundi la WhatsApp saa nne usiku kama agizo lisilo na maelezo.

Ningekuwa na nafasi ya kuzungumza na kila meneja wa huku, ningemwomba aache kuuliza "kuna swali?" Swali hilo jibu lake ni kimya. Aulize "nini kitatukwamisha wiki hii?", kisha azunguke kwa watu mmoja mmoja, pembeni, kama adabu yetu inavyotaka. Akiletewa habari mbaya aanze na asante kabla ya kutafuta nani kakosea. Na akiahidi kufuatilia, arudi na jibu, hata likiwa hapana. Hapana yenye sababu watu wanaipokea.

Kwa wenye malori nina ombi moja mahususi. Dereva akisema breki hazishiki, gari lisitoke mpaka fundi alione, na siku hiyo dereva na utingo wapewe posho yao kamili. Wakikatwa, hawatasema tena.