Matema na Kopo la Kutapikia

Hivi likizo za shule nani alizipanga? Ya Juni inaangukia kwenye mwera, ule upepo wa Ziwa Nyasa, unavuma na ziwa limechafuka. Ya Desemba inaangukia kwenye mvua, na mvua ya Kyela, huko ziwani, haina aibu. Bado watoto wanautaka ufukwe wa huko, wanakuja na hoja: "Baba, tupeleke Matema tukaone jua." Sawa. Uyole, hapa kwetu Mbeya, alfajiri ya Juni mtu anatoa mvuke mdomoni, mtoto kavaa sweta mbili na kofia ya sufu, ndiyo kwanza tunakwenda kuogelea.

Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kutoka Uyole barabara inapanda kwanza hadi Isongole, kwenye baridi ya kugonganisha meno, ndipo inaporomoka: Kiwira, Tukuyu, Kikusya, Ipinda, mpaka ziwani, ambako ni chini ya mita 500. Sweta ya kwanza inavuliwa Kiwira, ya pili Tukuyu, na Ipinda wote wako na singlendi wanauliza kwa nini gari letu halina kiyoyozi. Na sweta zimetupwa wapi? Miguuni kwa dereva, pale pale penye breki. Zitoe! Na breki zenyewe usizikalie njia nzima, zitapata moto na kuanza kunuka. Shuka na gia ya pili. Kama gari ni otomatiki, weka 2 au L, injini ndiyo ilizuie gari.

Sasa kona. Mtoto kanywa chai ya maziwa na maandazi matano, halafu anachezea simu, kichwa kainamisha. Huyo atatapika, hakuna maombi. Mpe chakula kidogo kikavu mapema, mkalishe anapoona mbele, simu mnyang'anye. Zamani mfuko wa plastiki ulimaliza kesi. Umepigwa marufuku tangu Juni 2019, tumeletewa mifuko mbadala. Mazingira yamepona, lakini ile mifuko inavuja! Beba kopo tupu la rangi, la lita 4, lenye mfuniko unaobana. Beba mawili, maana mmoja akianza, wa pili anaitikia.

Halafu kuna orodha ya vivutio. "Baba Neema, tupitie Ngosi, tupitie Daraja la Mungu, jioni tulale Matema." Ngosi, lile ziwa la kreta mlimani, unapanda msituni kwenye utelezi, ukifika ukingoni mara nyingi ukungu umelifunika ziwa lote, na anayeshuka kabebwa si wewe. Ngosi itafutiwe siku yake. Daraja la Mungu, pale Kiwira, linawezekana. Unawaeleza watoto kwa ufasaha kabisa: lava ya volkano iliganda, mto ukapita chini yake, daraja likabaki. Swali la kwanza kutoka kwa wasikilizaji: "Baba, hapa chipsi hakuna?"

Matema penyewe pazuri, sikatai. Ila Milima ya Livingstone inatumbukia ziwani moja kwa moja, kwa hiyo upande wa milimani kina kinashuka ghafla. Mjomba aliyejifunzia kuelea Dar asiwadanganye watoto: maji haya hayana chumvi, hayambebi mtu vile. Mpira wa ndani wa tairi ufunge kamba, mtu mzima ashike ncha nyingine, la sivyo upepo unaondoka nao na mtoto juu. Kwenye matete, maji yaliyotulia na midomo ya mito wasiingie, kuna konokono wa kichocho. Wakitoka majini, taulo hapo hapo. Kuna wanaokimbilia kupima wiki ileile, wanaambiwa wako safi, wanashangilia. Subirini wiki sita hadi nane ndipo mpime na kumeza dawa: mapema mno minyoo haijaanza kutaga mayai ya kuonekana kwenye kipimo, na praziquantel, dawa ya kichocho, inaua minyoo iliyokomaa, wachanga inawaacha.

Jioni ni zamu ya mbu. Chandarua chenye dawa kishushwe kabla jua halijazama, si baada ya kuwafungia mbu ndani na nyinyi. Malaria nayo ina adabu zake, haiji siku ya pili. Inaanza kama wiki moja baadaye au zaidi, mmesharudi nyumbani, na bibi anasema ni baridi tu ya Mbeya. Semeni hospitali kwamba mtoto ametoka Kyela, apimwe.

Jumamosi ndiyo mwisho wa pesa. Soko la vyungu Lyulilo, mitumbwi inatoka Ikombe imejaa vyungu vya Wakisi, wafinyanzi wa mwambao huo. "Nataka kimoja tu, cha maharage." Vinaingia saba. Juu yake gunia la mchele wa Kyela, Tukuyu mkungu wa ndizi, na gari lililoshuka kwa shida sasa linapanda. Angalia maji ya rejeta kabla hujawasha, si moshi ukishatoka. Vyungu vidogo viingie ndani ya vikubwa, katikati majani makavu ya mgomba, na visikae chini ya mkungu. Mtoto asipakatishwe chungu, atasinzia kabla ya Ipinda.

Chungu kipya kinalowekwa usiku kucha, kisha kinachemshiwa uji mwepesi kabla ya kupikiwa. Nani ana muda huo? Kinapandishwa juu ya kabati, watoto wanaambiwa wasikiguse, na maharage yanaendelea kupikwa kwenye sufuria.