Nimelipa Nauli Kwenda Kutazama Mawe

Mimi nimezaliwa Mji wa Kale, Mombasa, ndani ya nyumba ya mawe na chokaa. Mvua ikinyesha tunatandika masufuria chini ya dari, na usiku kucha ni to, to, to. Miaka 40 nalilia nyumba ya matofali na bati. Sasa niambieni, mtu kama mimi anatolewa kwao, kwa nauli yake mwenyewe, mpaka Ureno, kwenda kutazama nini? Nyumba za mawe!

Ni Mama Salim. Dadake anaishi Lisbon. Wakashinda kwenye simu wiki nzima wakichekacheka, mara nikaambiwa, "Baba Salim, tunakwenda vijijini." Nikadhani shamba, kuna kivuli na mkeka. Kumbe milima, nami nimevaa makubadhi.

Tukaanzia Piódão. Vijumba vyeusi vimeparamia mlima, kuta za mawe bapa yaliyopandana kama chapati, na milango karibu yote buluu. Nikauliza kulikoni. Shemeji akasema inasimuliwa kuwa duka lilikuwa moja, na rangi ilikuwa moja. Duka hilo nalijua, hata kwetu lipo: ukitaka nyeupe, mwenyewe anakuuliza buluu ina kosa gani.

Njaa ikauma. Kikaletwa chungu cheusi cha udongo, kufunuliwa kifuniko, mbuzi! Nyama imelegea, inaachana na mfupa wenyewe, kitunguu saumu kinanukia mpaka barabarani. Nimeshakunja mikono ya kanzu, bismillahi iko mdomoni, shemeji ananiambia, "Shemeji, hii chanfana. Inapikwa kwa mvinyo mwekundu." Si kunyunyiziwa, jamani. Mvinyo ndio mchuzi! Wareno hawa walikaa pwani yetu karibu miaka 200, wakatuachia meza, leso, hata neno lenyewe mvinyo, na leo nimewafuata kwao wameniharibia mbuzi. Nikala mkate na jibini kama mgonjwa.

Kesho yake Monsanto. Huko jiwe halijengi nyumba, jiwe limeikalia nyumba. Majabali makubwa kama gari la matatu yamelala juu ya mapaa, na ipo nyumba ambayo paa lake lote ni jabali moja. Wao wanaiita nyumba ya kigae kimoja. Wallahi hiyo niliionea wivu. Haivuji. Mwaka 1938 kijiji hiki kilitangazwa ndicho cha Kireno kuliko vyote, kikapewa jogoo wa fedha. Kingetangazwa pia ndicho chenye ngazi kuliko vyote. Ngome iko kileleni kabisa, na Mama Salim hakuacha kona bila picha. "Rudia, tumbo limetokea." Lake au langu, hakusema. Bibi mmoja wa pale, mkongojo mkononi, alinipita akipanda, akanisalimu. Akanipita tena akishuka, mimi bado niko ngazi ile ile.

Mlangoni pa duka dogo wanauza wanasesere wa vitambaa, marafona. Hawana macho, hawana masikio, hawana mdomo. Desturi yao huwekwa kwenye kitanda cha maarusi, kwa kuwa hawaoni, hawasikii, hawahadithii. Mama Salim akatoa pesa. Zangu.

"Sisi tuna miaka 31 ya ndoa," nikamwambia, "huyu wa nini?"

"Wa kukufunza, Baba Salim. Hasa hapo kwenye mdomo."