Fibrilini ni kamba au ni stoo?

Flo Hyman, mchezaji wa voliboli wa Marekani, urefu mita 1.96, alidondoka kwenye benchi katikati ya mechi huko Japani Januari 1986, akafa na miaka 31 tu. Mwanzo ikasemwa ni moyo, kumbe ni aota, ule mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo, umechanika. Alikuwa na Marfan, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha tishu zinazoshikilia mwili, na hakuna aliyewahi kumwambia, hii inaniuma mpaka leo.

Aota inavutika na kurudi kila moyo ukipiga, na lastiki yake ni elastini ambayo mwili unaitengeneza zaidi ukiwa tumboni mwa mama na utotoni, baada ya hapo unaishi na ileile. Fibrilini, protini nyingine ya ukuta wa aota, ndo inayoishikilia kama kamba. Kwenye Marfan, inayompata kama mtu 1 kati ya 5,000, jeni ya fibrilini ina kasoro, iligundulika 1991.

Sasa ubishi uko hapa. Wa kwanza wanasema kamba ikiwa mbovu ni mbovu, kazi yako ni kupunguza nguvu ya damu kwa dawa kama atenololi, na aota ikipanuka sana mtu afanyiwe upasuaji. Wengine, kina mtafiti Hal Dietz, wanasema hapana, fibrilini ni stoo pia, inatunza TGF-beta, protini inayozipa seli ishara za kukua, na ikiachiwa ovyo ndo inaharibu ukuta wa mshipa. 2006 wakawapa panya losatani, dawa ya presha ya kawaida kabisa, na aota zikakua kama za panya wasio na ugonjwa, watu wakafurahi sana.

Alafu 2014 ikaja majibu ya watoto na vijana 608, losatani na atenololi zikatoka sare. Wengi wakasema nadharia ya stoo imekufa, mimi sikubali, maana walilinganisha dawa na dawa, sio dawa na kukaa bure. 2022 tafiti zilipojumlishwa ikaonekana dawa za jamii ya losatani zinapunguza kasi ya aota kupanuka karibu nusu. Ila nao wa stoo wasishangilie mapema, losatani inashusha presha pia, utajuaje ni stoo imefungwa au ni kamba imepunguziwa mzigo tu? Kwangu mimi ni vyote viwili, na dawa yoyote kati ya hizo haina maana kama hujapigwa ultrasaundi ya moyo ukajua aota yako ikoje.

Ndugu yake Flo wa kiume alipimwa baada ya msiba, akakutwa na shida hiyohiyo, akafanyiwa upasuaji.